Mama Kaza

Binti yangu wa mwisho ni mwalimu huko Endasak, na kama walimu wengi anapenda kunisahihisha. Anasema siku hizi hakuna wimbo unaopotea. Unaandika maneno mawili matatu kwenye simu, hata kama umekosea herufi, simu inakuletea. Mimi niliwahi kupoteza mwisho wa wimbo mmoja, sekunde chache tu, na simu yake haikuzileta. Ndiyo maana nimekaa kuandika, mtu mzima na miwani yangu, jambo ambalo nilipaswa kulimaliza kwa mdomo zamani sana.

Nilikuwa fundi wa kombaini katika mashamba ya ngano ya serikali, chini ya Mlima Hanang, enzi zile ambazo ukisimama mlangoni mwa karakana unaona ngano mpaka macho yanachoka. Kwetu ni Endagikot, kwa wakulima wa mahindi na maharage. Nilipofika uwandani nikajiona nimetoka kimaisha: ovaroli ya buluu, buti zenye chuma mbele, spana zangu mwenyewe kwenye boksi lenye kufuli. Nilikuwa na majivuno, sitaficha. Ukitengeneza mashine inayovuna kwa saa moja shamba ambalo baba yako analihangaikia msimu mzima, majivuno yanakuja yenyewe.

Fundi mkuu wetu alikuwa mgeni. Tulimwita Fundi, basi, na yeye alilipenda jina hilo kuliko kuitwa mzungu. Wataalamu wengine wa kigeni walitoka nchi moja ya baridi iliyokuwa ikisaidia mradi. Yeye alizaliwa Argentina, akakimbilia kwenye baridi hiyo kwa sababu kwao wanajeshi walikuwa wametwaa serikali na jina lake lilikuwa kwenye karatasi yao. Alifanya nini hata akaandikwa, hakutuambia, nasi hatukumuuliza. Tulichojua ni kwamba alitibu mashine kwa sikio. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini inayounguruma, akaegemeza sikio kwenye mpini, akakwambia ni beringi gani inakufa na itakufa lini. Alikunywa majani fulani machungu kwa mrija wa chuma, na sisi tuliamini ni dawa ya tumbo. Mwenzetu mmoja alionjeshwa, akatema, akasema huyu bwana anaumwa kweli.

Juu ya kabati la vipuri alikuwa na redio kaseti, na humo alipiga kaseti moja. Zingine alikuwa nazo, lakini hiyo moja ndiyo ilikuwa kazini kila siku. Ilikuwa albamu ya bendi ya roki ya kwao, vijana wanne wenye nywele ndefu, na alisema kila kijana wa umri wake aliijua albamu hiyo kama sisi tulivyozijua nyimbo za kipaimara. Bendi ilikuwa imeshavunjika. Wanajeshi hawakuwapenda watu wa nywele ndefu, na redio za kule ziliacha kuwapiga. Kwa hiyo, alisema, mahali pa uhakika pa kuisikia albamu ile pengine ni hapa, kwenye karakana ya ngano, kati ya watu wasioelewa hata neno moja. Alisema hivyo kwa utani na sisi tukauchukua kama utani.

Kwa kuwa hatukuelewa, nyimbo tulizibatiza wenyewe. Wa kwanza upande A ulikuwa Stata, kwa sababu gitaa lake linakwama mara mbili, mara tatu, kisha linawaka. Wa pili ulikuwa Siafu, kwa ule mlio wa ngoma ndogondogo zinazotambaa mpaka unajikuna. Wa tatu ulikuwa wa polepole, gitaa moja na sauti moja, tukauita Mazishi. Fundi alijaribu kutueleza kwamba hauhusiani na mazishi hata kidogo, kwamba ni mtu anamwandikia mpenzi wake barua kumweleza jinsi mvua inavyonyesha, na kwamba kule kwao kila anayejifunza gitaa huanza na wimbo huo. Tukamsikiliza kwa heshima, tukaendelea kuuita Mazishi. Upande B ulikuwa na wimbo mrefu usio na maneno, ambao tuliutumia kupima muda wa oili kuchuruzika yote. Halafu ulikuja wa mwisho, na huo ndio ulikuwa wetu hasa.

Ulianza kwa utulivu, ukapanda, magitaa mawili yakajibizana kama majirani wanaogombea mpaka, kisha yote yakashuka, likabaki moja, nalo likafifia. Kikawa kimya cha pumzi mbili. Halafu, kwa mbali, ikasikika sauti ya mwanamke akiita: "A kasa! A kasa!" Baada ya hapo kaseti ilikuwa tupu.

Sisi masikio yetu yalisikia neno moja, neno ambalo Fundi alitupigia kelele nalo kutwa. Kaza nati. Kaza mkanda. Kaza, usivunje. Kwa hiyo wimbo ukawa Mama Kaza. Ukifika pale, aliyelala chini ya trekta na aliyepanda juu ya kombaini wote walishika spana na kungoja zile pumzi mbili. Yule mama alipoita, karakana nzima ilijibu, "Tumekaza, mama!" na kuvuta. Sijui ni nati ngapi tulizikata kwa kukaza kupita kiasi kwa sababu ya wimbo huo. Fundi alikuwa akicheka mpaka anafuta macho kwa kiwiko, na sisi tukazidisha kwa sababu tuliona anafurahi.

Mtu mmoja tu alisikia vingine. Palikuwa na mama wa Kibarbaig aliyetuletea maziwa kwenye kibuyu. Boma lao zamani lilikuwa jirani na pale ilipojengwa kambi yetu. Ngano ilipokuja walisogezwa, na ngano ilipoongezeka wakasogezwa tena, mpaka akawa anatembea asubuhi nzima kutuletea maziwa ambayo zamani aliyakamua hapohapo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia maziwa. Siku moja alisimama mlangoni mpaka Mama Kaza ukaisha, akatutazama tulivyovuta spana, akasema, "Huyu mama anaita mtoto. Mtoto hajaja?"

Tulicheka. Mimi nikajitwika kazi ya kumwelimisha, nikamwambia polepole kwa sauti ya juu, kama anayeongea na kiziwi, kwamba huyo ni mwimbaji na anasema kaza. Akaniangalia kidogo, akachukua kibuyu chake akaenda. Fundi alikuwa ameinamia injini na hakucheka na sisi, lakini nililiona jambo hilo bila kulitilia maanani.

Mama yangu mzazi alikuwa mwanzilishi wa nyimbo kwenye kwaya ya kanisa letu Endagikot. Yeye alikuwa akianza peke yake, wengine wanafuata. Sauti yake ilikuwa nyembamba na imenyooka, na watu wa parokia za mbali walimjua kwa hiyo sauti kabla hawajamjua kwa sura. Likizo moja kabla ya hii nitakayoisimulia aliniambia jambo ambalo lilinikaa moyoni. "Mwanangu," alisema, "kila mtu ameisikia sauti yangu isipokuwa mimi."

Miaka hiyo kaseti tupu huipati Mbulu nzima. Sabuni yenyewe ilikuwa ya kujuana. Mavuno yalipoisha nikapewa likizo, nikamwomba Fundi aniazime redio yake nikawaonyeshe watu wa nyumbani muziki wa Argentina. Alisitasita. Halafu akanikabidhi redio na kaseti ikiwa ndani, akaniambia nisiiache juani. Hakusema lingine. Siku hizi najiuliza kama alitaka kusema na akashindwa, kwa sababu angesema, angelazimika kutueleza kwa nini alikuwa akifuta macho.

Wasioijua kaseti niwaeleze. Nyuma yake ina vijino viwili vya plastiki. Ukivivunja, mashine haikubali kurekodi juu yake tena, na vya kaseti ile vilikuwa vimevunjwa. Mwenye mali alikuwa amesema waziwazi: usiguse. Lakini sisi sote tulijua dawa. Unakunja kipande cha karatasi ya daftari, unakishindilia kwenye tundu, na mashine inadanganyika.

Sikupanga kumwibia. Nilijua kwamba baada ya Mama Kaza kuna dakika kadhaa tupu, na nilitaka wimbo mmoja tu wa kwaya uingie pale. Tatizo lilikuwa betri. Nilikuwa nimempigia Stata kila niliyekutana naye tangu Dongobesh, na betri zilikuwa hoi. Nilizianika kwenye bati, nikazing'ata, zikapata nguvu kidogo ya kurekodia. Sikuthubutu kuzimaliza kwa kutafuta mwisho wa wimbo. Nikaichomoa kaseti, nikachukua peni, nikaizungusha kwa mkono, nikikadiria kwa macho unene wa utepe uliobaki. Mimi fundi mzima, mtu wa kupima mianya ya valvu kwa geji, nikapima kitu cha mwenzangu kwa macho.

Ilikuwa Jumamosi mchana baada ya mazoezi. Kwaya ilijipanga mbele ya altare, mama mbele kabisa na kitenge ambacho alikuwa akikitunza kwa Pasaka. Nikabonyeza vitufe viwili pamoja. Akaanza, wakafuata. Walipomaliza nikawarudishia, na ingawa betri zilifanya sauti ziwe nzito, kila mtu alijitambua na kanisa likajaa vicheko. Mama alishika mdomo. Aliniuliza kama ndiye yeye kweli. Nikamwambia ndiye. Akaniomba nirudie, na niliporudisha nyuma kidogo zaidi ya mara ya kwanza, nikasikia magitaa yanashuka, linabaki moja, mlio mdogo kama mtu amevunja njiti, na mama yangu anaanza wimbo. Kile kimya cha pumzi mbili hakikuwepo. Yule mwanamke hakuwepo.

Niliumia, lakini si sana. Nilijiambia ni sekunde chache, wimbo wenyewe umebaki, ni kelele za mwisho tu. Halafu nikafanya kitu ambacho hadi leo kinanichoma kuliko kurekodi kwenyewe. Nilichukua sindano ya mke wangu, nikachokoa zile karatasi kwenye matundu ya kaseti, mpaka pakawa safi.

Nilirudi kazini Jumatatu na debe la maharage, zawadi kwa Fundi. Njia nzima nilikuwa nimejitayarisha kumweleza. Nilimpa redio, nikamshukuru, nikamweleza kuhusu maharage. Alifurahi, akasema amekaa wiki tatu na kelele za mashine peke yake, akaweka betri mpya na kubonyeza. Stata ikawaka. Nikaingia chini ya kombaini na kukaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Upande B ukafika mwisho. Magitaa yakashuka. Wenzangu wakashika spana, na Fundi naye, nakumbuka, alishika yake. Badala ya yule mama ikalipuka kwaya ya Endagikot, soprano, alto, besi, na mama yangu juu yao wote akimsifu Bwana kwa Kiiraqw, lugha yetu. Karakana iliangua kicheko. Mmoja alipiga magoti kwenye oili akafanya ishara ya msalaba. Nami nilicheka. Nililala chini ya kombaini nikacheka kwa sauti ili nisikike nikicheka pamoja na wengine.

Fundi alizima redio. Akairudisha nyuma, akaipiga tena, akasogeza mbele mpaka utepe ukaisha. Kisha akatoka nje.

Saa ya chai aliniita nyuma ya karakana, kwenye kombaini bovu tulilokuwa tukilinyofoa vipuri. Nilitegemea kugombezwa, na niseme kweli, ningependa kugombezwa.

"Yule hakuwa mwimbaji," akasema. "Yule ni mama yangu."

Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Sahani ya santuri aliiazima kwa rafiki ili airekodi kwenye kaseti ile, hakuwa na waya wa kuunganishia, akaweka maikrofoni juu ya kiti mbele ya spika. Kulikuwa na joto na dirisha lilikuwa wazi. Wimbo wa mwisho ulipofifia, mama yake alipita sebuleni akachungulia dirishani na kumwita mdogo wake Fundi aliyekuwa akicheza mpira barabarani. Kasa ni nyumba. Alikuwa akisema njoo nyumbani. Fundi alikasirika siku ile, akamgombeza mama yake kwa kuharibu rekodi nzuri, na mama akaomba radhi akaenda jikoni. Miaka miwili baadaye yeye akakimbia nchi, na alipokuwa kwenye ile nchi ya baridi barua ikamfikia kwamba mama amezikwa. Hakuweza kwenda. Sauti yake haikuwepo mahali pengine popote.

Nilimwambia, "Pole sana, Fundi."

Kwetu pole ni ya kila mtu. Unamwambia aliyejikwaa, hata kama jiwe si lako. Unamwambia mfiwa, mgonjwa, aliyenyeshewa. Kuna neno lingine, nisamehe, ambalo linasema jiwe ni langu na nililiweka mimi. Yeye alikuwa na Kiswahili cha kutosha kuijua tofauti, maana alinitazama kama anayengoja neno la pili. Nilitazama buti zangu.

Halafu akaniuliza ni yupi kati ya wale waimbaji aliye mama yangu. Sikuwa nimemwambia kwamba yumo. Nikasema ni yule anayeanza. Akatoa kaseti kwenye mfuko wa ovaroli akanipa. "Huyu bado yupo," akasema. "Mtunze."

Tangu siku hiyo alitupigia kaseti nyingine, na hakuna aliyezipa nyimbo zake majina. Mama wa maziwa alikuja wiki hiyohiyo, akasikiliza mlangoni, akaniuliza kama yule mtoto alifika nyumbani. Nilimwambia ndiyo, alifika. Nadhani ndiyo sababu sikuweza kumtazama machoni tena nilipomlipa.

Misimu miwili baadaye wanajeshi wa kwao waliondoka madarakani na Fundi akafunga mizigo. Mimi ndiye niliyepewa landrova nimpeleke Katesh akapande gari la Arusha. Ni njia ndefu ya vumbi, watu wawili tu garini, nafasi ambayo mtu hapewi mara mbili. Nilizungumza habari za beringi. Tulipita Mogitu ninazungumza beringi, tukaingia Katesh ninazungumza beringi, naye alijibu kwa upole kila nilipouliza. Tulipopeana mikono akatabasamu, akasema, "Haya. Naenda kasa." Nikacheka, nikamtakia safari njema.

Mama yangu naye amelala makaburini Endagikot, mwaka wa ngapi huu. Kaseti ninayo kwenye kopo la biskuti. Watoto wakija Krismasi wanataka kumsikia bibi yao, nami nawapigia, na wao wanafurahi na kulia. Mimi huwa natega sikio pale kabla hajaanza, kwenye ule mlio mdogo wa njiti, kama fundi anayetafuta beringi. Sijawahi kusikia kitu.

Mwezi uliopita binti yangu alinikuta na kopo hilo mapajani, akaniuliza habari za ile bendi iliyomo kwenye kaseti. Nikamtajia maneno machache niliyoyakumbuka. Baada ya muda mfupi simu ikaanza kukwama mara mbili, mara tatu, ikawaka, na mimi nikajikuta nimesimama. Ilikuwa yote, Stata, Siafu, Mazishi, safi kuliko nilivyowahi kuisikia, na akaniambia kule kwao hadi leo wanaihesabu kati ya albamu kubwa kabisa. Nikamwomba anipigie wa mwisho. Magitaa yakajibizana, yakashuka, likabaki moja, likafifia. Nikangoja zile pumzi mbili. Simu ikaruka ikaanza wimbo wa bendi nyingine.

Nikamwambia arudishe. Akarudisha. Nikamwambia arudishe tena.

"Baba, unaishia hapo," akasema.

Nikamwambia hauishii hapo, kuna mama anaita. Ndipo nikamsimulia yote, mara ya kwanza kumsimulia mtu, peni, karatasi, sindano ya mama yake, mpaka nyuma ya karakana. Alisikiliza bila kunisahihisha mahali popote. Nilipomaliza aliniuliza nilimwambia nini yule bwana.

Nikasema nilimwambia pole.

Yeye ni mwalimu wa Kiswahili.

"Pole tu, Baba?"

Nikamwambia ndiyo, pole tu, nikafunika kopo.